Roshani ya Jumba la Forodha

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Miaka kumi na tisa nimekaa masjala, chumba kisicho na dirisha, mimi na mafaili na feni inayozunguka pale inapojisikia. Leo nimeona njia ya kutoka.

Habari yenyewe ni hii. Halmashauri inakarabati Jumba la Forodha, lile jengo la kale la ghorofa moja pale ufukweni. Mvua za mwaka juzi ziliangusha ukuta wa mbele wa ghorofa ya juu. Ukaangukia ndani, Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Sasa mhandisi aliyeletwa kusimamia kazi, mama mmoja asiyecheka ovyo, anataka kujua ukuta huo ulikuwaje hasa. Madirisha mangapi. Upana gani. Ramani hakuna. Zilikuwa masjala, na mchwa wamezila. (Suala la mchwa lilishajadiliwa mwaka ule na sioni sababu ya kulirudia hapa.)

Na jengo likikamilika litahitaji msimamizi. Msimamizi atapewa ofisi ya juu, inayotazama bahari. Dirisha! Kiti cha kuzunguka!

Karani mwenzangu naye anaitaka nafasi hiyo. Ofisi nzima tunamwita Kiambatisho, kwa sababu hajawahi kuandika barua isiyo na viambatisho vitatu. Alipoomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino aliambatisha mchoro wa jino.

Lakini Kiambatisho hana mama mkwe. Mimi ninaye. Na sebuleni kwa mama mkwe, juu ya kabati la vyombo, imetundikwa picha ya rangi ya Jumba la Forodha. Aliichora marehemu baba mkwe ujanani, alipokuwa fundi rangi wa meli hapo bandarini. Ukuta wote wa mbele upo. Ushahidi pekee duniani, na unakaa juu ya vikombe!

Jioni nikaenda. Mama mkwe akasema picha haitoki. Nikasema ina vumbi. Akasema ni vumbi lake. Nikasema basi naomba niisafishe tu, kwa heshima ya marehemu. Mke wangu, niliyekuwa nimeongozana naye, akamwambia mama yake asithubutu kukubali. Hapo ndipo mama mkwe alipokubali. Hao wawili hawajawahi kuwa upande mmoja tangu niwajue.

Nimeibeba mwenyewe mpaka nyumbani, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Upepo ulitaka kuninyang'anya mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Maji ya uvuguvugu. Sabuni ya unga. Sponji ya vyombo.

Nikaanza na bahari. Maajabu! Chini ya ukahawia ule wa moshi na miaka kumbe kuna samawati safi kabisa. Nikamwita mke wangu aone. Akaona. Akasema inatosha, niishie hapo. Mke wangu hutosheka haraka mno.

Nikapanda ukutani. Uchafu wa ukutani ulikuwa wa manjano, mkaidi, ukitoka kwa wingi. Nilisugua kwa moyo mmoja. Katikati ya ghorofa ya juu palikuwa na alama nyeusi ya pembe nne isiyotaka kutoka. Nikageuza sponji upande wa kukwaruza.

Ikatoka.

Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yangu. Manjano haikuwa uchafu. Ilikuwa ukuta. Na ile alama ya pembe nne ilikuwa dirisha.

Sasa pale katikati pana doa pana kama kiganja, rangi ya chai iliyokosa majani. Mke wangu kauliza mbona maji ya ndoo yamekuwa ya manjano. Nimemwambia ni vumbi la zamani.

Jumatano, 5 Machi

Nimetuma ujumbe ofisini kwamba tumbo linanisumbua. Si uongo. Linanisumbua tangu jana saa kumi.

Mke wangu alipokwenda kazini nikaanza ukarabati wangu binafsi. Rangi zilizopo nyumbani: kahawia iliyobaki ya mlango wa jikoni, nyeupe iliyobaki ya geti. Brashi: mswaki.

Dirisha la kwanza lilitoka limeinama kushoto. Nikalipanua kidogo kulia ili linyooke. Likainama kulia. Nikalirefusha. Saa tano lilikuwa kubwa kuliko madirisha mengine yote. Saa sita lilikuwa mlango. Mlango mkubwa wa kahawia, ghorofani, usioelekea popote! Mtu angetoka humo asubuhi kunyoosha viungo, angetua barabarani.

Nikakaa chini. Nikafikiri. Mlango wa juu unahitaji mahali pa kukanyaga. Kwa hiyo nikauwekea roshani.

Na roshani ilitoka nzuri, lazima niseme. Nyeupe pe, mihimili mitatu chini yake, kizuizi chenye nakshi. Jengo zima likapata hadhi. Nimejiuliza kwa nini marehemu hakulifikiria hilo mwenyewe.

Niliifunika kwa shuka kabla mke wangu hajarudi. Nimesema bado inakauka. Kauliza picha ya miaka hamsini inakauka nini. Nimejitia sikusikia.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI.

Kamati ya ukarabati: mkurugenzi kwenye kiti cha mbele, mhandisi na miwani yake, Kiambatisho akiandika kumbukumbu za kikao huku kauvuta mdomo. Nikaivua picha shuka. Mhandisi akainuka, akatoa kioo cha kukuzia, akainamia roshani yangu muda mrefu. Kisha akasema hajaona popote kwamba jengo hilo liliwahi kuwa na roshani, na kwamba hili linabadilisha kila kitu.

Kiambatisho akauliza mbona roshani inang'aa kuliko bahari. Nikasema jua lilikuwa linaipiga. Akauliza jua la saa ngapi. Mkurugenzi akamwambia aandike, asihoji.

Nimeeleza jinsi mimi na marehemu tulivyokuwa tukizungumza kwa kina juu ya majengo ya kale. (Nilikutana naye mara mbili. Mara zote mbili aliuliza mimi ni nani.) Mkurugenzi amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Picha imetundikwa chumba cha mikutano. Jumanne ijayo kutakuwa na hafla ndogo ya shukrani, na mama mkwe ataalikwa kama mgeni wa heshima.

Hilo la mwisho sikulipenda. Lakini Jumanne ni mbali.

Ijumaa, 7 Machi

Siamini. Siamini kabisa!

Mhandisi kapiga hesabu zake. Roshani ni nzito, ukuta peke yake hauwezi kuibeba. Zitahitajika nguzo mbili za zege kutoka chini. Kaenda na futi yake, kapima, kaweka alama za chokaa. Nguzo ya kushoto inaangukia penye kibanda cha ushonaji kilichoegemea ukuta wa chini wa jumba.

Kibanda hicho ni cha mke wangu. Yuko pale miaka kumi na moja. Mji mzima unajua pa kumpata. Sare za shule, magauni ya harusi, na mapazia ya ofisi yetu wenyewe yametoka kwenye cherehani ile.

Notisi ya kuondoa kibanda ndani ya siku kumi ilipita masjala saa nne. Niliipokea. Nikaipa namba. Nikaipiga muhuri. Kisha nikaisoma.

Nyumbani mke wangu hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka notisi mezani, akaanza kukata mkate, akaukata wote, vipande kama ishirini, hakuna aliyekula. Akasema wanasema kuna roshani kwenye picha ya baba. Nikasema wataalamu wameiona. Akasema ameitazama picha ile kila alipokaa kula tangu akiwa mtoto hadi alipoolewa, na hapakuwa na roshani. Nikasema labda hakuwa anatazama vizuri.

Kosa.

Ilibidi niseme yote. Sponji, mswaki, geti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nina hadi Jumanne kurekebisha. Nisiporekebisha, mama yake ataiona kwa macho yake, na yeye hatasimama katikati yetu.

Jumamosi, 8 Machi

Ofisini hakuna mtu. Kitambaa, mafuta ya taa kwenye chupa. Mpango rahisi: naondoa roshani, nasema ilibanduka kwa sababu ya unyevu.

Haibanduki! Nimesugua nusu saa. Bahari ya marehemu ilianza kulegea, lakini roshani iko vilevile, inang'aa tu. Nikakumbuka maandishi kwenye kopo la rangi ya geti: inastahimili jua, mvua na chumvi kwa miaka kumi. Maisha yangu yote nimenunua vitu visivyofanya vilichoandikiwa. Kimoja tu kimetimiza ahadi, na ni hicho!

Mlango ukafunguka. Kiambatisho. Anafanya nini ofisini Jumamosi? Anapanga viambatisho. Kauliza nafanya nini. Nikasema nafuta vumbi. Akasema vumbi gani linalonuka mafuta ya taa. Alikichukua kitambaa changu kwa ncha za vidole, akakitia kwenye bahasha, akaandika tarehe juu yake.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anaongea na kila mtu humu ndani isipokuwa mimi. Kaongea hata na pasi.

Mchana nimepata wazo. Ushahidi hupingwa kwa ushahidi. Nitaandika barua.

Jumatatu, 10 Machi

Barua ilikuwa nzuri sana. "Mimi ni baharia mstaafu. Nimelitazama Jumba la Forodha kutoka baharini kwa miaka thelathini. Halikuwahi kuwa na roshani. Naapa." Bila jina. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni saa mbili kasorobo, nikarudi mezani nikipiga mluzi.

Saa tatu barua ikaletwa masjala ili isajiliwe. Nikaisajili kwa mshangao mkubwa.

Saa nne mkurugenzi akaniita. Akauliza kwa nini mwandiko wa baharia unafanana na wangu. Nikasema mabaharia wengi wana mwandiko mzuri. Akauliza kwa nini baharia kaweka kumbukumbu namba juu kulia. Akauliza kwa nini baharia, kabla ya kuitia sandukuni, kaigonga muhuri wa masjala yetu, na chini kaandika "Nakala: Jalada."

Mazoea! Miaka kumi na tisa ya mazoea! Mkono ulijifanyia wenyewe!

Basi nikaona liwalo na liwe. Nikasema ukweli. Nilisema, kwa kinywa changu, kwamba roshani haikuwepo. Mkurugenzi akanipigapiga bega. Akasema anaelewa uchungu wangu, anajua kibanda ni cha nani, na mume mwema lazima ajaribu. Lakini historia haiwezi kusogea kupisha cherehani. Akanisihi nisiwe mnyenyekevu kupita kiasi, kwani nafasi ya usimamizi ni kama iko mfukoni mwangu.

Kiambatisho aliomba apewe barua ya baharia. Sikuuliza ya nini.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana sitaisahau hata nikitaka.

Mama mkwe kaja na gauni lake la kijani na mkoba wake mkubwa. Mke wangu kakaa kando yake, kanyooka kama rula. Mkurugenzi kahutubia. Kanitaja mara nne. Halafu picha ikafunuliwa, na mhandisi akamwomba mama mkwe asogee, atueleze anachokumbuka kuhusu roshani.

Mama mkwe akasogea. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Roshani gani?" akasema.

Mhandisi akamwonyesha.

"Hapa pana dirisha," akasema mama mkwe. "Na mimi nimo ndani."

Akatueleza taratibu, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni. Alikuwa mpigachapa wa forodha, na meza yake ilikuwa kwenye dirisha lile. Baba mkwe alikuwa akishuka kwenye meli zake kila saa ya mapumziko, anakaa gatini na kibati cha rangi alizobakiza kazini. Mwezi mzima. Watu hakujua kuwachora, kwa hiyo mama mkwe alikuwa tone la buluu tu, na tone jeupe ni karatasi kwenye mashine. Ukimuuliza kwa nini alihangaika na jengo zima, alikuwa akisema ilibidi alichore lote ili apate pa kumweka.

"Sasa nimekwenda wapi?" akauliza mama mkwe.

Alikuwa anawauliza wote. Lakini mke wangu alinitazama mimi.

Nilisimama. Nikasema, "Mama, ni mimi. Nilikuwa nasafisha."

Nikasema yote tena, mbele ya kamati nzima. Rangi ya mlango wa jikoni. Rangi ya geti. Mswaki. Kalamu ya Kiambatisho ilikuwa imesimama hewani. Mkurugenzi alijishika paji la uso.

Mama mkwe akanigeukia. "Ulinifuta kwa nini?"

"Kwa sponji, mama."

"Ya vyombo?"

"Ya vyombo, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunitukana. Alichukua mkoba wake, akamshika mkono mke wangu, wakatoka pamoja. Ndiyo mara ya kwanza kuwaona wako upande mmoja. Na upande wenyewe haukuwa wangu.

Jumatano, 12 Machi

Mhandisi hakulala na hasira. Aliamka nazo. Saa mbili asubuhi aliniita chumba cha mikutano, akanipa bakuli nishike, akaniamuru nisiseme kitu. Alikuwa na pamba, vijiti na vichupa vidogo. Akaanza kuitoa roshani yangu punje kwa punje. Saa nne nzima. Rangi ya geti, iliyokaidi mafuta ya taa, ilikuwa ikimtii yeye kama mbwa. Mkono wangu ulikufa ganzi. Sikuthubutu kuhamisha bakuli.

Chini ya rangi ya mlango wa jikoni kukatokea mistari ya penseli. Marehemu alikuwa amelipima dirisha kabla ya kulichora. Fremu ya pembe nne, vioo vinne, sawa kabisa na madirisha ya ubavuni ambayo bado yapo. Mhandisi akapima, akafuta mahesabu yake ya juzi, akasema roshani haipo, kwa hiyo nguzo hazipo. Notisi ya kibanda imefutwa. Barua ya kuifuta ilipita kwangu. Hiyo niliisoma kwanza, ndipo nikaipiga muhuri.

Na ndani ya fremu ile kulikuwa na mistari miwili mingine. Shingo na bega.

Mama mkwe aliitwa. Alipoiona alikaa kwenye kiti cha mkurugenzi bila kuomba. Baadaye akaomba brashi. Mhandisi akaanza kusema kwamba kitaalamu hairuhusiwi. Mke wangu akamtazama. Mhandisi akaleta brashi.

Mama mkwe akaweka tone la buluu. Akaweka na jeupe. Akarudi nyuma kidogo, kisha akaongeza buluu kiasi upande wa bega.

"Alikuwa ananichora mwembamba," akasema. "Sikuwa mwembamba."

Mke wangu akaangua kicheko, mama yake naye akacheka, na mimi nikajikuta nafuta macho kwa mkono ulioshika bakuli. Nikamwagia suruali dawa ya mhandisi. Suruali imetoboka.

Usimamizi wa jengo amepewa Kiambatisho. Maombi yake yalikuwa na viambatisho kumi na moja, miongoni mwao kitambaa changu. Mimi nimepewa barua ya onyo kali. Imeletwa masjala isajiliwe. Nimejisajili mwenyewe, nimejifungulia jalada.

Nyumbani mke wangu alinisemesha. Alisema, "Vua hiyo suruali niishone." Maneno manne. Nimeyahesabu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala vizuri na nimetafakari kwa kina. Nimetambua kosa langu. Lazima mtu awe mkweli kwa nafsi yake. Kosa lilikuwa kutumia rangi inayong'aa. Ingekuwa ile isiyong'aa, hakuna ambaye angegundua chochote.

Leo mhandisi, akipita masjala kuchukua jalada, aligusia jambo. Ufunguo wa asili wa lango kuu la Jumba la Forodha haujulikani ulipo tangu enzi na enzi. Atakayeupata ataukabidhi mwenyewe kwa mgeni rasmi siku ya uzinduzi, jukwaani, mbele ya watu wote. Kiambatisho atakuwa amekaa chini, akitazama juu!

Mchana nimepita kwa muuza vyuma. Nimepata ufunguo. Mkubwa, wa chuma, mzito kama nyundo. Nimeulaza kwenye siki na chumvi ndani ya mtungi wa plastiki nyuma ya nyumba. Siku tatu, nne, utakuwa na umri wa kuheshimika.

Una maandishi madogo ya kiwanda ubavuni, na mwaka. Mwaka jana. Hilo halinisumbui. Nina tupa ya kukwangulia chuma.